Kucha Nene

Pete ya Bi Irma ilikuwa na makucha sita ya kushika jiwe, na moja lilikuwa nene.

Fien aliliona hilo kabla pete haijatua mezani. Bi Irma alikuwa bado anahangaika kuivua, kidole kimemvimba kwa baridi ya Novemba. Bi Odile, mwenye karakana, alikuwa amempaka sabuni, na wote wawili wanaivuta pete ile kama watu wanaogombania kamba. Fien alisimama na ufagio wake akilitazama jiwe likipanda na kushuka. Makucha matano yalikuwa membamba kama vidole vya kifaranga. La sita lilikuwa kama dole gumba.

"Mama yangu hakuivua hata akikanda mkate," Bi Irma alisema, pete ilipomtoka ghafla hata akakaribia kuanguka na kiti. "Sasa mjukuu wangu Lutgart anachumbiwa. Jiwe nataka avae. Lakini dhahabu hii ya kizee, siwezi kumvisha msichana wa leo. Atanionea haya."

"Anataka nini yeye?"

"Dhahabu nyeupe. Makucha sita membamba, jiwe lisimame juu."

Bi Odile aliigeuza pete chini ya taa. Alikuwa mama wa makamo, mabega mapana kama ya mpiga makasia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupachika mawe. Mawe yalikatwa na watu wengine, pete zikafuliwa na watu wengine, na vyote viwili vikakutana mezani kwake.

"Ukitaka ushauri wangu, ningelizungushia ukingo," alisema. "Ukingo wa dhahabu hulikumbatia jiwe pande zote, halitoki hata ukilipiga ukutani. Ila hula mwanga. Makucha huachia mwanga, lakini hunasa kwenye sweta."

"Lutgart anataka mwanga."

"Wachumba wote wanataka mwanga, bibi. Wakishapata watoto ndio hurudi hapa kudai ukingo."

Bi Irma akacheka, kisha akauliza lile ambalo kila mteja huuliza. "Ni jiwe zuri, lakini?"

"Hilo nitakuambia likiwa nje. Humu ndani ya dhahabu ya njano hata jiwe jeupe pe huonekana limekunywa chai."

Bi Irma alipokwisha kuteremka ngazi, Fien aliweka ufagio kando. "Bi Odile, niliangalie kidogo?"

"Angalia. Macho hayalipishwi."

Fien alikuwa mtu wa Nijlen, kijiji cha wakata almasi. Kwao, baba, kaka na mama wadogo wote walikuwa wameinamia magurudumu yanayozunguka tangu yeye hajajua kutembea. Shule aliiacha alipomaliza darasa la mwisho la msingi, akaketi naye kwenye gurudumu. Lakini lilikuwepo jambo moja lililomkera. Jiwe lilikuja kwao kama punje ya chumvi chafu, likakatwa, likang'aa, likafungwa kwenye karatasi iliyokunjwa, likaondoka. Basi. Hakuna aliyejua lilikwenda kukaa kwenye kidole cha nani. "Linaenda Antwerp," baba yake alikuwa akisema, kwa namna ambayo mtu husema mtu fulani ameenda mbinguni. Ndipo Fien akalifuata hukohuko Antwerp, nyuma ya stesheni kubwa, akaomba kazi mahali ambapo mawe huvishwa.

Kwa Bi Odile alifagia, alisugua pete, alichonga vitako vya kukalia mawe kwenye pete za shaba na kupachika vipande vya chupa. Jiwe la kweli alikuwa bado hajapewa kulipachika. "Utalipata," Bi Odile alikuwa akimwambia. "Chupa ikivunjika, tunacheka. Jiwe likivunjika, hakuna anayecheka."

Sasa aliipumulia pete ya Bi Irma. Ukungu wa pumzi ukatua juu ya jiwe, ukafutika saa ileile, kama vile jiwe limekataa. Almasi ndiyo. Akaweka lenzi jichoni, akaileta pete karibu mpaka kope zake zikakaribia kuigusa.

Lilikuwa jiwe la zamani, limekatwa kwa jicho la mtu na si kwa mashine, uso wake wa juu mdogo, kiuno chake kinene kidogo. Ndani lilikuwa safi kama maji. Lakini upande ule wa kucha nene, Fien alipoigeuza pete polepole, kikapita kitu. Kivuli cha kijivu, chembamba, chenye nyuzinyuzi. Akarudisha pete nyuma. Kikapita tena.

Akaitazama mpaka shingo ikamuuma. Kisha akasema, "Kuna unyoya."

Unyoya, kwa watu wa almasi, ni ufa ulio ndani ya jiwe. Hauitwi ufa, kwa sababu wateja huwa na masikio. Ukiwa katikati, hupunguza uzuri tu. Ukiwa umefika kiunoni, pale makucha yanaposhika, huo ni mwiba: mpachikaji akikandamiza kidogo tu kupita kiasi, jiwe linampasukia.

Bi Odile aliangalia, akaguna. "Mimi naona kucha limetengenezwa vibaya na fundi mlevi. Lilikatika siku moja, likapelekwa kwa mtu aliyetoka kunywa, naye akabandika bonge la dhahabu. Nimeona mengi."

"Na kile kivuli?"

"Dhahabu inajitazama ndani ya jiwe. Usiliamini jiwe likiwa kifungoni, mara ngapi nimekuambia?"

"Lakini kwa nini limewekwa hapo hapo penye kivuli?"

"Fien."

"Naam."

"Fagia."

Alifagia. Lakini siku zote tatu zilizofuata, wakisubiri kichwa kipya cha pete, ile sehemu yenye makucha, cha dhahabu nyeupe kutoka kwa mfua dhahabu, Fien hakuwa na raha. Alikula mkate wake akiitazama droo yenye pete. Mtu huficha ufa chini ya kucha, hilo alilijua. Ni ujanja wa kazi, na si dhambi kubwa. Lakini kucha la kuficha huwa jembamba kama mengine, ili mtu asilitazame. Nani anaficha kitu kisha anasimamisha bango juu yake?

Ijumaa asubuhi akaja Bwana Zylber.

Bwana Zylber alikuwa mfanyabiashara wa mawe, ofisi yake chini ya karakana hiyohiyo. Alikuwa Myahudi mzee mwenye ndevu nyeupe na koti jeusi, na kila Ijumaa alipanda ngazi na gilasi yake mwenyewe ya chai, kipande cha limau kikielea, kwa kuwa vyombo vya Bi Odile vilikuwa vimeonja nyama ya nguruwe. Alikaa, akanywa, akasikiliza habari, akashuka kabla ya mchana, maana Ijumaa jua halimsubiri mtu na mkewe alikuwa na mishumaa ya Sabato ya kuwasha.

"Huyu mwenye macho bado unamfagiza?" aliuliza, kama alivyouliza kila wiki. "Odile, huna huruma. Nipe mimi. Mezani kwangu nina mawe kama mchele, sina wa kuyachambua. Binti yangu mimi mwenyewe, akiona rangi ya manjano anasema nyeupe, akiona nyeupe anasema ana njaa."

"Mwambie mwenyewe. Ana mdomo."

"Asante, Bwana Zylber," Fien alisema. "Mawe matupu nimeyaona kwetu. Nataka kuyaona yakivaliwa."

"Kuvaliwa! Jiwe likishavaliwa linapata sabuni, linapata unga, linapata siagi. Kwangu ni safi." Akavuta kiti. "Haya, kuna nini hapo? Mbona mnaizunguka hiyo pete kama paka na samaki?"

Wakamweleza. Alitoa lenzi yake mfukoni, akatazama kwa muda mrefu, akasema "Hm," akatazama tena, akasema "Hm" nyingine ya chini zaidi.

"Unyoya," Fien akasema.

"Ulevi," akasema Bi Odile.

Macho ya mzee yakachangamka. "Tufanye hivi. Mkifungua mkakuta unyoya, Odile anampa huyu binti jiwe hili alipachike kwa mkono wake. Msipokuta unyoya, anashuka chini kunichambulia mawe mpaka Pasaka." Akanyoosha mkono wake mkavu katikati ya meza, akitabasamu.

"Mpe mkono, mpe," Bi Odile alisema bila kuinua kichwa, akinoa patasi yake. "Tuone ujasiri wa Nijlen."

Fien alikuwa amechokozwa siku tatu mfululizo, naye alikuwa na hakika na alichokiona. Akaupiga ule mkono kwa kiganja kama wajomba zake walivyokuwa wakifanya wakitupa karata mezani Jumapili, akasema kwa sauti yao ileile nene:

"Mazal!"

Patasi ya Bi Odile ikanyamaza juu ya jiwe la kunolea.

Katika mitaa ile ya nyuma ya stesheni, almasi hazikuuzwa kwa sahihi. Watu wawili walipeana mikono na kutamka mazal, neno la Kiyahudi la kutakiana bahati, na biashara ikawa imekwisha. Awe Myahudi, awe Mkatoliki wa kijijini, awe Muarmenia aliyeshuka jana kwenye treni, akishatamka ametamka. Walikuwapo watu waliopoteza nyumba kwa neno lile, wala hawakulirudisha. Na aliyelirudisha, kesho yake hakupata wa kumfungulia mlango.

"Umesema nini?" Bi Odile aliuliza.

"Ni mchezo tu, Bi Odile. Wajomba zangu kwenye karata..."

"Mchezo uko Nijlen. Hapa umesema."

Bwana Zylber alikuwa bado anautazama mkono wake, kana kwamba umefanya jambo bila ruhusa yake. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mimi nilinyoosha tu," alisema polepole. "Nilidhani atacheka. Lakini nimesikia, mwanangu, na masikio yangu siwezi kuyadanganya." Akavuta pumzi. "Mazal."

Ikawa imefungwa.

"Unajua nafasi yako haiwezi kukaa wazi mpaka Pasaka," Bi Odile alimwambia Fien, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Krismasi inakuja, kazi zimejaa. Ukishuka, itanibidi nichukue mtu. Na nikishamchukua, siwezi kumfukuza kwa sababu wewe umemaliza karata zako."

Fien alihisi uso umewaka moto. "Basi tufungue," alisema.

"Tufungue," mzee aliitikia. "Na mimi nikae. Nishuke sasa, mpaka Jumapili nitakuwa siwazi kingine, na siku ya mapumziko si siku ya kuwaza mawe."

Bi Odile aliibana pete kwenye kijiti cha lakri, ile nta ngumu ya kushikilia pete, akaipasha, lakri ikashika. Akachukua kile chuma butu cha kuinulia makucha.

"Bi Odile," Fien akasema. "Tafadhali usiliinue. Likate. Kama kuna unyoya chini yake, ukiinua, utaupasua."

"Na wewe utashinda."

"Na Bi Irma atakuwa na mawe mawili."

Bi Odile alimtazama. Kisha akaweka chuma chini, akachukua msumeno mwembamba kama unywele. "Nalikata. Si kwa kukuamini. Ni kwa kuwa Bi Irma ana mdomo, na anasali kanisa moja na mimi."

Msumeno ukaanza kulia. Wote watatu waliinama mpaka vichwa vyao vikakaribia kugusana. Fien alisikia harufu ya limau ya chai ya mzee. Vumbi la dhahabu lilianguka kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa chini ya meza, ambako kila kitu cha karakana ile huangukia. Kucha nene likakatika, likaanguka nalo. Makucha mengine matano yakainuliwa moja moja. Bi Odile akageuza kijiti, akagonga kwa ukucha wa kidole, na jiwe likadondoka juu ya karatasi nyeupe.

Lilikuwa jeupe. Hilo ndilo jambo la kwanza waliloliona, na kwa dakika moja walisahau mazal yao. Bi Odile alilipindua kichwa chini, mgongo juu, kwenye mkunjo wa karatasi karibu na dirisha, maana rangi ya jiwe haitazamwi usoni, hutazamwa mgongoni ambako haliwezi kumetameta na kumdanganya mtu. Jeupe, na chai yote ilikuwa ya dhahabu.

"Mama yake Bi Irma alikanda unga na hili kidoleni!" Bwana Zylber alisema. "Wanawake!"

Kisha Fien akalishika kwa kibano, akaweka lenzi jichoni, akatafuta kiunoni.

Hapakuwa na unyoya.

Akatafuta tena. Akaligeuza duara zima. Jiwe lilikuwa zima, safi, bila ufa wowote. Lakini mahali palipokuwa na kucha nene, kiuno kilikuwa kimekatika kidogo, kimekuwa bapa, na juu ya ubapa ule hapakung'aa. Palikuwa na ukungu wa kijivu, na ndani ya ukungu vijipembetatu vidogo sana, vimepangana kama magamba. Kivuli alichokiona ndani ya jiwe kilikuwa hiki, kinajitazama kwenye kuta zake.

Alikijua. Angeweza kulia kwa jinsi alivyokijua.

"Ni ngozi," alisema.

Alimpa Bwana Zylber. Mzee alitazama, akatikisa kichwa kwa furaha isiyozuilika. "Ngozi! Ngozi ya jiwe lenyewe, lilivyotoka ardhini. Gurudumu halijapita hapa hata mara moja."

"Baba yangu huiacha," Fien alisema. "Mkataji akitaka kuonyesha kwamba hakupoteza jiwe bure, amelitoa kubwa kadiri lilivyoweza kutoka, anaacha ngozi kidogo kiunoni. Huwa anasema, hapa ndipo nilipofika ukutani."

"Lakini si unyoya," Bi Odile alisema. Hakusema kwa ushindi.

"Si unyoya," Fien akakubali. Aliweka kibano chini. "Nilisema unyoya, na si unyoya. Jumatatu nitashuka, Bwana Zylber."

Mzee alijikuna ndevu. Alikuwa amepata alichokitaka mwaka mzima, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa samaki aliyeoza. "Na ulevi pia haujaonekana," alisema. "Odile naye ameshindwa."

"Mimi sikutamka kitu," Bi Odile akajibu.

Kwa kuwa kazi haisubiri majonzi, alichukua kichwa kipya cha dhahabu nyeupe, chenye makucha sita membamba, akaliweka jiwe ndani yake. Likacheza. Akaligeuza. Likacheza upande mwingine. Kila alipoligeuza, palikuwa na kucha moja lililosimama hewani, halikugusa jiwe, kwa sababu ule ubapa wa ngozi ulikuwa mpana kuliko nafasi kati ya kucha na kucha.

"Shetani wa jiwe," Bi Odile alinong'ona.

Fien, aliyekuwa ameanza kufungua kamba za aproni yake, alisimama. Akalitazama lile kucha la hewani. Kisha akapiga magoti, akaanza kupapasa kwenye ngozi ya ng'ombe chini ya meza.

"Unatafuta nini? Jiwe liko hapa."

"Kucha."

Alilipata katikati ya vumbi la dhahabu, akalishika kwa kibano, akaliweka chini ya lenzi. Upande wa nje lilikuwa bonge, kama Bi Odile alivyosema. Lakini upande wa ndani, upande ambao hakuna jicho lingeuona maadamu jiwe limo, lilikuwa limetoka mbele kama ulimi, limenyooshwa bapa, na kusuguliwa mpaka likalainika.

"Bi Odile. Mlevi husugua upande wa ndani?"

Bi Odile alichukua lenzi. Alikaa na kucha lile muda mrefu kuliko alivyokaa na jiwe. Kisha akalichukua jiwe lenyewe, akaligusisha ubapa wake kwenye ule ulimi wa dhahabu, na vikakaa kama kiganja na kiganja.

"Halikuwa likificha," Fien alisema. "Lilikuwa likifikia. Jiwe ni fupi hapa, kwa hiyo kucha limetoka kwenda kulikuta. Tumelitazama siku tatu tukidhani ni aibu ya mtu, kumbe ni mtu aliyejua kazi."

"Alijua kazi kuliko mimi," Bi Odile alisema. "Mimi ningelikandamiza tu mpaka lifike. Na lingefika, jiwe lingepata unyoya wake kwa mkono wangu." Aliketi, mikono yake mikubwa mapajani. Kisha akamgeukia mzee. "Zylber. Niachie huyu binti."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kutaka nataka. Lakini nimesema mazal, Odile! Leo nikilegeza mazal yangu na msichana kwa sababu jiwe limenifurahisha, kesho mtu atalegeza yake na mimi kwa sababu mvua imenyesha. Siwezi. Hata yeye hawezi."

"Siwezi," Fien alisema. Alisimama katikati ya chumba, kamba moja ya aproni imening'inia, akiwaza. Dirisha lilikuwa nyuma ya mzee, na mwanga ndani yake ulikuwa umekwisha kuanza kugeuka, hata mchana haujafika vizuri, kama mwanga wa Novemba ulivyo. "Bwana Zylber, wewe mawe yako unayachambua saa ngapi?"

"Asubuhi. Nani anachambua mchana? Mwanga wa mchana ni wa manjano, unampaka kila mtu rangi. Ikifika saa sita nafunga pazia, nanywa chai."

"Na kwa taa?"

"Kwa taa! Mwanangu, kwa taa hata meno yangu ni meupe."

"Tulisema nishuke kukuchambulia mawe mpaka Pasaka."

"Ndivyo tulivyosema."

"Hatukusema nishuke kutwa."

Bi Odile aliinua kichwa.

"Asubuhi niko kwako, mwanga ukiwa mweupe," Fien akaendelea haraka kabla moyo haujamwishia. "Saa sita ukifunga pazia, napanda hapa. Kupachika hakuhitaji mwanga wa asubuhi. Bi Odile anapachika kwa taa. Neno lako halijavunjika. Langu pia. Kama Bi Odile atakubali mtu wa nusu siku."

Bwana Zylber alimtazama, akalitazama dirisha, akamtazama Bi Odile, kisha akaanza kucheka, cheko la kifuani lililomtikisa mpaka chai ikamwagika kwenye koti. "Huyu wa Nijlen! Huyu atatuuza sote wawili na hatutajua tumenunuliwa na nani. Ni kweli. Ni kweli kabisa. Nilisema kuchambua, sikusema kutwa. Naapa sitasema tena jambo lolote mbele yake bila kulipima kwanza."

"Nusu siku," Bi Odile alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nusu siku na Krismasi hii inakuja. Na atakuwa na macho ya mchambuzi, ataniambia kila jiwe nililokosea." Akasukuma kiti chake nyuma, akatoka mbele ya meza, akakipiga kiti kwa kiganja. "Kaa."

"Mimi?"

"Kuna Fien mwingine? Kucha hilo utalitengeneza wewe. Umeliona, lipate."

Mzee alinyanyuka, gilasi mkononi. Mlangoni aligeuka, akanyoosha ule mkono wake mkavu. Fien alinyoosha wake, kisha akausimamisha njiani.

"Ni wa kuagana tu, Bwana Zylber?"

"Wa kuagana tu."

"Basi kwa heri."

"Amejifunza," mzee alimwambia Bi Odile, akashuka kwenda kwenye mishumaa yake.

Kutengeneza kucha lile kulimchukua Fien mchana ule na michana ya wiki nzima iliyofuata. La kwanza likawa nene mno. La pili likapungua, halikufika. Alipochoka alilichukua lile kuukuu la dhahabu ya njano, akalitazama upande wake wa ndani, akarudi kazini. Hatimaye alipata moja lenye unene wa mengine kwa nje, na ulimi wake kwa ndani. Siku ya kupachika, Bi Odile alikaa nyuma yake, pumzi yake ikimfikia Fien shingoni. Fien alikandamiza makucha kwa jozi, moja na la upande wa pili, ili jiwe lisivutwe kokote. Lile la sita aliliacha mwisho. Alisukuma polepole, sikio limeinama, akisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala. Dhahabu ikateleza, ikaifikia ngozi, ikakaa.

Akaigonga pete kwa kibano. Haikulia; jiwe halichezi tena.

Bi Irma alikuja na mjukuu wake. Lutgart alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na Fien alimwonyesha pete chini ya lenzi, akamwambia juu ya ngozi, na mahali mkataji alipofika ukutani.

"Sasa hiyo ni dosari?" Lutgart aliuliza.

"Ukiliuza, mnunuzi atasema ni dosari. Ukiuliza kwetu, watakwambia ni mkono wa mkataji."

"Siliuzi," Lutgart alisema. Akaitia kidoleni, akaunyoosha mkono dirishani, na jiwe likawaka mpaka kwenye dari.

Waliposhuka, Fien alikimbilia dirishani. Alitaka kuona kile alichokifuata kutoka kijijini: jiwe likienda zake mtaani kwenye kidole cha mtu. Aliwaona bibi na mjukuu wakitokeza mlangoni, kwenye ubaridi, pumzi zao zikitoka kama moshi. Lutgart aliinua mkono wake, akautazama mara moja, kisha akatoa glavu mfukoni, akaivaa.

"Umeliona?" Bi Odile aliuliza kutoka mezani.

Fien alibandika paji la uso kwenye kioo. Kwenye glavu ile ya sufu, juu ya kidole cha pete, palikuwa na kinundu kidogo.

"Nimeliona," alisema.